Mwili wa Tendaguru, Jina la Colorado: Uhakiki wa Sanamu Ndogo za Wanyama wa Kale

0. Utangulizi

Makala haya yanahusu kitu ambacho kwa kawaida hakiingii katika uwanja wa uhakiki: sanamu ndogo za plastiki, za risasi au za plasta zinazoonyesha wanyama waliotoweka duniani kabla ya binadamu. Watoto huzichezea, watu wazima, katika nchi nyingi za Ulaya na Marekani, huzikusanya, huzipanga na hubishana juu ya utambulisho wake. Kazi hiyo ya kutambua huonekana kuwa burudani tupu. Hata hivyo, ukiichunguza kwa makini, utaona kwamba mkusanyaji wa sanamu anafanya jambo lile lile afanyalo mhakiki wa hati za kale: anasoma alama, analinganisha nakala, anatafuta asili, na mwisho anatoa hukumu kuhusu jina.

Sababu ya kulijadili jambo hili katika taaluma ya Kiswahili ni moja. Mojawapo ya sanamu zinazojulikana kuliko zote katika makusanyo hayo, ile ya mnyama mwenye shingo ndefu iliyosimama wima kama twiga, imetokana na mifupa iliyochimbwa Tendaguru, karibu na Lindi, kusini mwa Tanzania, ikabebwa mabegani na watu wa huko mpaka pwani. Mwili wa sanamu hiyo ni wa Tendaguru. Jina lililochapwa tumboni mwake ni la mnyama mwingine, aliyepatikana Colorado. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tofauti hiyo kati ya mwili na jina si kosa dogo la kiwanda. Ni historia nzima iliyofinywa ndani ya kichezeo, na wasomi wa Kiswahili wana haki na wajibu wa kuisoma.

1. Sanamu kama matini

Sanamu ya mnyama wa kale ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mwili: mkao wa miguu, mwinamo wa shingo, mkia, ngozi, idadi ya kucha. Ya pili ni maandishi: jina la mnyama, jina la kiwanda, nchi ilikotengenezwa, na pengine mwaka wa hakimiliki. Maandishi hayo aghlabu huwekwa mahali pasipoonekana, yaani chini ya tumbo au ndani ya nyayo. Mtoto hayatazami. Mkusanyaji huigeuza sanamu kwanza, kisha ndipo hutazama uso wake.

Sehemu hizo mbili hazina mwandishi mmoja. Mwili hutoka kwa mchongaji, ambaye naye hufuata picha au kiunzi cha mifupa kilichomo katika jumba la makumbusho. Jina hutoka kwa mtaalamu wa visukuku aliyeliandika katika jarida la kisayansi, pengine miaka hamsini kabla. Kiwanda huziunganisha sehemu hizo katika kalibu moja. Kuanzia hapo, kila sanamu inayotoka katika kalibu hiyo ni nakala, na nakala hurithi makosa ya kalibu kama vile mnakili arithivyo makosa ya hati iliyo mbele yake. Viwanda vingine huiga sanamu za wenzao bila ruhusa. Umbo hupungua, mikunjo ya ngozi hufifia, jina hupotoka herufi moja au hutoweka kabisa. Mwenye kujua uhakiki wa tenzi zilizonakiliwa kwa mkono hatashangazwa na hali hiyo.

2. Mwili hutaja tarehe

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa Iguanodon. Gideon Mantell alimpa mnyama huyo jina mwaka 1825, akiwa na meno na mifupa michache tu. Benjamin Waterhouse Hawkins alipotengeneza sanamu kubwa za bustani ya Crystal Palace, Sydenham, London, zilizofunguliwa mwaka 1854, alimwonyesha Iguanodon kama mnyama mzito wa miguu minne, mwenye pembe puani kama kifaru. Hawkins alitengeneza pia sanamu ndogo za wanyama hao kwa ajili ya kuuzwa, na kwa hiyo historia ya sanamu ndogo ilianza karibu pamoja na historia ya sanamu kubwa.

Mwaka 1878 wachimbaji wa makaa ya mawe huko Bernissart, Ubelgiji, walikuta viunzi vingi vya mnyama huyo chini ya ardhi. Louis Dollo, aliyevichunguza Brussels kuanzia mwaka 1882, alithibitisha kwamba ile pembe haikuwa ya puani kamwe: ilikuwa mwiba wa kidole gumba. Alimsimamisha Iguanodon kwa miguu miwili, mkia ukiburuzwa chini, mfano wa kangaruu. Mkao huo ulitawala vichezeo kwa karibu miaka mia moja. Ndipo David Norman, mwaka 1980, alipoonyesha kwamba mkia wa mnyama huyo ulikuwa mgumu na ulionyooka, hata katika kiunzi cha Brussels ilibidi uvunjwe ili ukunjike, na kwamba mnyama alitembea zaidi kwa miguu minne.

Basi mkusanyaji akipata Iguanodon asiye na maandishi yoyote, mwili wenyewe humjibu. Pembe puani: sanamu inafuata London ya 1854. Mkao wa kangaruu: inafuata Brussels ya Dollo. Mgongo uliolala na mkia uliopaa: kalibu yake ni ya baada ya 1980. Umbo linaweza kuigwa baadaye, kwa hiyo mwili huthibitisha tu tarehe ambayo sanamu haiwezi kuitangulia. Hapo ndipo maandishi huhitajika, na hapo ndipo matatizo huanza.

3. Jina hukawia

Mwaka 1955 kampuni ya Louis Marx ya Marekani ilianza kuuza wanyama wa kale wa plastiki, kila mmoja akiwa na jina lake mwilini. Baadhi ya mikao yao ilifuata mchoro mkubwa wa ukutani uliochorwa na Rudolph Zallinger katika Jumba la Peabody, Chuo Kikuu cha Yale, kati ya 1943 na 1947, na kusambazwa kwa wasomaji wengi na gazeti la Life mwaka 1953. Miongoni mwa wanyama hao alikuwamo Brontosaurus.

Lakini kufikia 1955 jina Brontosaurus lilikuwa limekwisha kukataliwa na wataalamu kwa zaidi ya nusu karne. Othniel Marsh alimpa mnyama mmoja jina Apatosaurus mwaka 1877, na mwingine Brontosaurus mwaka 1879. Mwaka 1903 Elmer Riggs wa Chicago alihukumu kwamba wawili hao ni jamii moja. Na kwa kuwa kanuni hulipa haki jina lililotangulia, Brontosaurus lilianguka. Umma haukuiheshimu hukumu hiyo, wala viwanda havikuiheshimu. Kisha mwaka 2015 Emanuel Tschopp na wenzake, baada ya kulinganisha viunzi vingi, walitoa hoja ya kulirudisha jina Brontosaurus. Sanamu ya Marx haikubadilika hata nukta moja katika muda wote huo. Ilizaliwa na jina lililokwisha kukosolewa, ikazeeka nalo, na katika uzee wake ikakuta wataalamu wamerudi upande wake.

Fundisho kwa mhakiki ni kwamba jina lililochapwa katika plastiki halitaji ukweli wa mnyama. Hutaja ukweli uliokubaliwa na fulani, wakati fulani, mahali fulani. Kutambua sanamu basi ni kujibu maswali mawili tofauti: je, iliitwaje na waliyoitengeneza? Na je, mwili huu ni wa nani? Mkusanyaji anayejibu swali la kwanza tu amesoma muhuri, hajasoma matini.

4. Miili isiyo na jina

Ziko pia sanamu zisizo na jina lolote. Katika miongo ya kati ya karne ya 20 viwanda vya Hong Kong vilitoa vifuko vya wanyama wa bei nafuu, vikiuzwa kwa jina la jumla la wanyama wa kale, na chini ya tumbo pakiwa na jina la Hong Kong peke yake. Baadhi yao hawakufanana na mnyama yeyote aliyewahi kuishi. Mmoja alikuwa kama kobe mwenye mkia wenye mabapa. Mwingine alikuwa na uso wa ndege juu ya kiwiliwili cha dubu.

Gary Gygax, Mmarekani aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa mchezo wa Dungeons & Dragons, alizichukua baadhi ya sanamu hizo katika miaka ya 1970 na kuzitumia katika mchezo wake. Kwa kuwa hazikuwa na majina, alizipa majina, tabia na nguvu za kutisha. Mmoja wao akawa mnyama alaye chuma kwa kukigeuza kutu. Leo viumbe hao wanajulikana kwa mamilioni ya wachezaji, na sanamu za kwanza zinatafutwa kwa bei kubwa.

Kisa hicho kinathibitisha nguvu ya jina. Sanamu isiyo na jina haibaki wazi kwa muda mrefu: atatokea mtu wa kuijaza. Swali ni nani atakayetokea kwanza, na kwa lugha gani.

5. Mjusi wa Tendaguru

Sasa inafaa kumrudia mnyama aliyetajwa katika utangulizi. Mwaka 1900 Elmer Riggs, yule yule aliyeliangusha jina Brontosaurus, alichimba huko Colorado sehemu za mnyama mkubwa ajabu: mbavu, pingili za mgongo, mfupa wa mkono wa juu, mfupa wa paja na vipande vinginevyo. Kichwa hakikuwapo, shingo haikuwapo, nyayo hazikuwapo. Mwaka 1903 alimwita Brachiosaurus altithorax. Sehemu ya kwanza ya jina ni Kigiriki, maana yake mjusi wa mkono, kwa sababu mkono wa juu ulikuwa mrefu kuliko ilivyozoeleka.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1906, mhandisi wa madini Bernhard Sattler alioneshwa mifupa mikubwa iliyotokeza ardhini Tendaguru. Nchi ilikuwa chini ya Wajerumani, na Vita vya Maji Maji, vilivyoanza 1905, vilikuwa vimeacha njaa na vifo vingi kusini. Kuanzia 1909 hadi 1913 Jumba la Makumbusho ya Asili la Berlin liliendesha uchimbaji mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck. Mamia ya watu wa eneo hilo waliajiriwa kuchimba, kufunga mizigo na kuibeba kwa miguu hadi Lindi, safari ya siku kadhaa kila mara. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilipelekwa Ujerumani kwa meli. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye ujuzi wake wa kutambua na kutayarisha visukuku uliwafaa Wajerumani, na baadaye uliwafaa Waingereza waliorudi Tendaguru kuanzia 1924.

Mwaka 1914 Janensch alimwingiza mnyama mkubwa wa Tendaguru katika jamii ile ile ya Riggs, akamwita Brachiosaurus brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa jumba la Berlin. Mwaka 1937 kiunzi chake kilisimamishwa Berlin. Hapo kilichokosekana Colorado kilionekana kwa mara ya kwanza: shingo ndefu iliyopaa na kichwa chenye nundu ya mfupa juu ya macho.

Tangu hapo mchongaji aliyetaka kutengeneza Brachiosaurus hakuwa na mwili wa kuufuata isipokuwa ule wa Berlin. Kampuni ya Invicta ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1974 kutoa wanyama wa rangi moja kwa ajili ya Jumba la Makumbusho ya Asili la London, ilimtoa Brachiosaurus mwenye kichwa na shingo za Tendaguru. Mfululizo wa Carnegie, uliotolewa na kampuni ya Safari ya Marekani kuanzia 1988 hadi 2015, ulifanya vivyo hivyo. Filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993 ilimwonyesha mnyama yule yule kwa mamilioni ya watazamaji, naye akaitwa Brachiosaurus.

Wakati huo wataalamu walikuwa wameanza kutilia shaka ule undugu. Mwaka 1988 Gregory Paul alipendekeza kwamba mnyama wa Tendaguru atengwe kwa jina la Giraffatitan, akimweka bado ndani ya Brachiosaurus. Mwaka 1991 George Olshevsky alilipandisha jina hilo kuwa la jamii kamili. Mwaka 2009 Michael Taylor alilinganisha mfupa kwa mfupa na kuonyesha kwamba tofauti ni nyingi mno: mnyama wa Colorado alikuwa na kiwiliwili kirefu zaidi na mkia mkubwa zaidi. Wataalamu wengi wamekubaliana naye.

Mkusanyaji akitaka kusoma sanamu ya namna hii, ana alama nne za kumwongoza. Ya kwanza ni kichwa: nundu ndefu juu ya macho ni ya Tendaguru. Ya pili ni mianzi ya pua. Zamani ilichongwa juu ya nundu. Baada ya Lawrence Witmer kutoa hoja mwaka 2001 kwamba pua za nyama zilikuwa mbele karibu na mdomo, wachongaji waangalifu wakaishusha. Ya tatu ni miguu ya mbele na mkia: viwiko vilivyopinda nje na mkia uliolala hufuata kiunzi cha 1937, na miguu iliyonyooka na mkia uliopaa hulingana na kiunzi kilivyosimamishwa upya mwaka 2007, kikiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Ya nne ni nyayo: mnyama huyu alikuwa na ukucha mmoja tu katika kila mguu wa mbele, lakini viwanda vingi vilimpa kucha tano kama tembo.

Ukizipitia alama hizo katika sanamu nyingi za Brachiosaurus, hukumu inarudi ile ile. Tumboni pameandikwa jina la mnyama wa Colorado ambaye kichwa na shingo havikupatikana pamoja naye. Aliyechongwa juu ya jina hilo ni mnyama wa Tendaguru.

Hata jina Giraffatitan halimalizi tatizo. Limemrudishia mnyama utengano wake, lakini limemfananisha na twiga kupitia neno ambalo lugha za Ulaya zililipata kwa Waarabu, huku lugha iliyozungumzwa katika mashimo ya Tendaguru ikiwa na neno lake la twiga. Na sehemu ya pili ya jina, brancai, imebaki vile vile.

6. Nani yumo katika jina?

Hapa ndipo uzito wa jambo unapoonekana. Majina ya watu wa Tendaguru yameingia katika elimu ya visukuku, lakini yameingia kwa kuchelewa na kwa upande wa mifupa michache. Mwaka 2007 Kristian Remes alimpa mnyama mmoja wa Tendaguru jina Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Mwaka 2019 Philip Mannion na wenzake walitoa jina Wamweracaudia keranjei: sehemu ya kwanza inawataja Wamwera, wenyeji wa eneo hilo, na ya pili inamkumbuka Mohammadi Keranje, aliyeongoza uchimbaji wa mifupa hiyo.

Ni haki iliyostahili. Lakini Australodocus aliasisiwa juu ya pingili mbili za shingo, na Wamweracaudia juu ya mkia. Hakuna mchongaji anayeweza kuwatengeneza bila kubuni karibu mwili wote. Kwa hiyo mkurugenzi wa Berlin amepewa mnyama mzima, anayesimama ukumbini na kuuzwa kwa umbo dogo. Wachimbaji wamepewa shingo na mkia. Hakuna aliyekusudia mgawanyo huo: kanuni ya kutangulia ndiyo iliyouleta, kwa kuwa mnyama aliyekamilika alipata jina mapema, wakati ambapo msimamizi Mwafrika hakufikiriwa. Hata hivyo matokeo yapo, na katika ulimwengu wa sanamu matokeo ndiyo yanayoonekana.

Pamoja na hayo, kundi jingine la majina linawahusu wanaisimu moja kwa moja. Katika miaka ya karibuni watafiti wameanza kuunda majina ya kisayansi kwa Kiswahili chenyewe. Kanuni hudai kila sehemu ya jina iwe neno moja, na sharti hilo huilazimisha sarufi kufanya mambo ambayo haiyafanyi kwa kawaida.

Asilisaurus kongwe, aliyetangazwa mwaka 2010 kutoka kusini mwa Tanzania, ana asili ya Kiswahili na sauros ya Kigiriki, kisha kivumishi ambacho kinapatana vizuri na asili katika ngeli yake. Pakasuchus wa mwaka huo huo ni paka aliyeunganishwa na mamba wa Kigiriki. Shingopana songwensis wa mwaka 2017 ni jina safi: shingo pana, upatanisho wake hauna dosari. Mambawakale ruhuhu wa mwaka 2022 amemeza kiunganishi -a bila kukipoteza, na msomaji yeyote humsikia mamba wa kale ndani yake.

Simbakubwa kutokaafrika, mnyama mla nyama wa Kenya aliyetangazwa mwaka 2019, anahitaji maelezo zaidi. Mwalimu wa sarufi angesahihisha mara moja: simba mkubwa. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha miji ya Kongo, ambako upatanisho hulegea, jina hilo lisingemshtua msikilizaji. Lakini ipo njia nyingine ya kulitetea. Simba kubwa inaweza kusomwa kama ukuzaji, katika ngeli ile ile ya jitu na joka, ambamo kiumbe hutajwa kwa ukubwa wa kuogofya. Mnyama huyo hakuwa simba. Alikuwa wa ukoo uliotoweka, naye alimzidi simba wa leo kwa ukubwa. Kwa hiyo kosa la upatanisho, likisomwa kwa hisani, linasema kweli kuliko usahihi ambao lingepewa na mwalimu.

Aliye bora kuliko wote ni Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyepewa jina na Eric Gorscak na Patrick O'Connor mwaka 2019. Alipatikana kandokando ya mto Mtuka, kusini magharibi mwa Tanzania. Jina lake ni virai viwili vya Kiswahili vilivyokamilika: mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia. Kirai cha pili kinatokana na pingili za mkia zenye umbo la moyo wa mchoro, umbo ambalo wacheza karata wa pwani huliita kopa. Msomaji wa Lubumbashi, ambaye kila siku husema nyama akimaanisha hayawani, atahitaji kukumbuka m- ya mwanzo. Zaidi ya hapo hahitaji kamusi. Huyu si Kigiriki kilichofafanuliwa kwa Kiswahili. Ni Kiswahili ambacho wasomi wa Berlin na Chicago wanalazimika kukitamka.

Na tofauti na Australodocus, mifupa yake iliyopatikana ni mingi kiasi cha kumpa mchongaji msingi wa kazi. Mwili na jina vimetoka mahali pamoja.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba sanamu ndogo ya mnyama wa kale ni matini yenye sauti mbili, ya mwili na ya jina, na kwamba sauti hizo mara nyingi hazikubaliani. Imeonyeshwa pia kwamba katika sanamu za Brachiosaurus kutokubaliana huko kumeficha chanzo cha mwili wenyewe.

Yako mapingamizi mawili. La kwanza ni kwamba majina ya kisayansi yana kanuni zake, na hakuna anayeweza kuyabadili kwa sababu za haki au za uzalendo. Ni kweli, na makala haya hayadai kinyume. Kanuni hizo huwawezesha wataalamu wa nchi zote kuelewana. La pili ni kwamba mtoto hajali. Kwake sanamu ni mnyama wa kunguruma na kupigana. Hilo pia ni kweli, lakini mtoto husikia jina analoambiwa na mzazi wake, na mzazi husoma tumboni.

Linalowezekana ni dogo zaidi, nalo halimngojei mtu. Orodha ya Kiswahili ya sanamu hizi, iwe ya mkusanyaji, ya shule au ya jumba la makumbusho, inaweza kuwa na safu nne: jina lililochapwa na kiwanda, jina la kisayansi linalokubaliwa sasa, mahali ilikotoka mifupa iliyofuatwa na mchongaji, na jina la Kiswahili. Katika safu ya tatu, mbele ya Brachiosaurus wengi, litaandikwa neno moja: Tendaguru.

Kuhusu safu ya nne, Watanzania wamekwisha kuijaza. Katika mijadala ya hadhara juu ya mifupa iliyoko Berlin, mnyama huyo huitwa mjusi. Wapo wanaolicheka jina hilo, kwa kuwa mjusi wa kawaida ni yule mdogo apandaye ukutani. Kicheko hicho hakina msingi. Richard Owen alipounda neno Dinosauria mwaka 1842, alichukua sauros, na sauros ni mjusi. Kwa hiyo Kiswahili cha wananchi hakikufanya umaskini wa lugha. Kilifanya tafsiri sahihi ya neno la Owen, pamoja na kosa lake. Mjusi wa Tendaguru ni jina linalotaja umbo kama wataalamu walivyolidhania na mahali kama palivyo. Linatosha kuandikwa katika orodha, na herufi zake zinaweza kuenea chini ya tumbo la plastiki.